Kipupwe cha Usambara: Chungu cha Makande na Bakuli la Jirani



Mwezi wa Julai unapoingia, watu wa Pwani husema kipupwe kimebisha hodi. Upepo wa kusi huvuma, jasho hukauka, na hata Dar es Salaam watu huulizana yalikowekwa mashuka mazito. Lakini sisi tuliolelewa milimani, neno baridi likitajwa, fikra zetu hurudi mbali zaidi. Tunakumbuka ukungu uliofika hadi kizingitini, mabati yaliyodondosha umande hata siku isiyo na mvua, moshi wa kuni za muwati, na chungu cha makande kilichokaa mafigani tangu adhuhuri hadi magharibi.

Wiki hii nimekusudia kukusimulia habari za chungu hicho. Makande si chakula adimu, na wengi wenu mmeyala shuleni mkayachoka. Nayaandika kwa sababu jikoni kwa Bibi yangu nilifundishwa jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye nyumba yangu: kwamba chakula cha majira ya baridi hakijamaliza kazi yake kinapowashibisha waliomo ndani.

Baridi ya mlimani

Nyumba ya Babu na Bibi ilikuwa katika Milima ya Usambara Magharibi, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mjini Lushoto. Msafiri atokaye Mombo, penye barabara kuu ya Moshi, hupanda takriban kilomita 33 kwa njia ya kupindapinda inayopita Soni. Chini kule Mombo huacha joto na vumbi. Akifika Lushoto, kwenye kimo cha mita zipatazo 1,400, huanza kutafuta sweta. Wataalamu wa hali ya hewa hutufahamisha kwamba kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi. Juu ya hilo, miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo majira ya baridi katika nusu ya kusini ya dunia. Upepo wa kusi huja na unyevu wa Bahari ya Hindi, hukutana na milima, hulazimika kupanda, na kwa kupanda hupoa na kugeuka ukungu. Ndiyo maana Wajerumani walipoitawala nchi hii waliupenda mji wa Lushoto, wakauita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, wakawa wanapanda huko kulikimbia joto la bondeni.

Kwa mtoto, baridi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Bibi aliamka kabla ya adhana ya Alfajiri, akafukua kaa lililofunikwa majivu tangu usiku, akalipulizia mpaka likashika, akateleka birika. Maji hayo yalikuwa ya wudhu wetu. Babu hakuyagusa. Yeye alichota kwenye pipa la nje, ambalo asubuhi za Julai lilikuwa baridi kama chuma, akatawadha taratibu bila kuruka kiungo. Alikuwa ameisikia hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) aliutaja ukamilishaji wa wudhu wakati wa taabu miongoni mwa mambo ambayo Mwenyezi Mungu hufutia kwayo makosa na kunyanyulia kwayo daraja. Bibi hakubishana naye. Alitumiminia sisi maji ya uvuguvugu, akasema mtoto aliyetoka katika blanketi saa hiyo ameshapata taabu yake.

Tukirudi kutoka msikitini tulikuta uji wa mahindi wenye maziwa, au chai ya tangawizi na viazi vitamu vilivyochemshwa. Tuliishika bakuli kwa mikono miwili kabla ya kunywa, tukaviacha vidole vipate haki yake kwanza. Mtu aliyekulia penye joto hawezi kuijua raha hiyo. Ni raha ya kutoka katika dhiki ndogo na kuingia katika faraja ndogo, kila asubuhi, kwa miezi mitatu.

Chungu kinachotaka subira

Makande ni chakula cha watu wa milimani. Wasambaa huyala, Wapare huyala, na ndugu zetu wa Kenya wana chakula cha namna hiyo hiyo wanachokiita githeri. Ni mahindi makavu na maharage, basi. Lakini kati ya gunia na sahani pana kazi.

Mahindi yalinyunyiziwa maji kidogo, yakatiwa kinuni na kutwangwa kwa mchi mpaka ganda likatoka, kisha yakapepetwa katika ungo. Usiku yalilala majini pamoja na maharage. Siku ya pili, baada ya adhuhuri, Bibi alikiteleka chungu, akatanguliza mahindi kwa kuwa ndiyo magumu, maharage yakafuata. Kuanzia hapo hakukuwa na haraka. Nilipokuwa mkubwa nilikuja kusoma sababu mojawapo: kadiri mtu anavyopanda juu, uzito wa hewa hupungua, na maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Katika kimo cha Lushoto huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Maji yakishachemka hayazidi kupata moto hata ukichochea kuni namna gani, na kwa hiyo maharage ya mlimani huchukua muda mrefu zaidi kuiva kuliko ya Tanga mjini. Bibi hakuwa na habari ya vipimo hivyo, ila alijua kwamba anayechochea moto kwa pupa humaliza kuni na maharage yakabaki vile vile. Aliacha moto wa wastani, akafunika, akaenda kwenye shughuli zake.

Chungu hicho ndicho kilichotukusanya. Kwa kuwa kulikuwa na baridi nje na moto ndani, kila aliyemaliza kazi yake aliishia jikoni. Babu alikuja na kigoda chake. Mjomba alikuja na mazungumzo ya gulioni. Sisi watoto tulikuja na juzuu zetu, tukadurusu kwa mwanga wa moto, na aliyekosea herufi alisahihishwa na Bibi bila yeye kugeuka kutoka kwenye chungu. Naweza kusema bila kuzidisha kwamba nusu ya ninayoyajua kuhusu dini yangu na ukoo wangu niliyapata wakati tukingoja maharage yaive.

Jua lilipokaribia kuzama, kitunguu kilikaangwa, chumvi ikatiwa, na kisha tui la nazi, ikiwa basi la kutoka Tanga lilikuwa limepandisha nazi wiki hiyo. Kama hapakuwa na nazi, yalitiwa maziwa ya ng'ombe. Tuliswali Magharibi, tukaketi.

Kata moja ya ziada

Lakini kabla hatujaketi palikuwa na kazi moja. Bibi alikuwa na bakuli la bati jeupe lenye maua ya samawati, lililobanduka rangi ukingoni. Hilo halikuwa la kulia sisi. Alilijaza makande, akalifunika kwa kawa, akamkabidhi mtoto mmojawapo alipeleke nyumba ya chini, kwa mjane mmoja mzee tuliyemwita Bibi wa Bondeni. Alikuwa akiishi peke yake, watoto wake wakiwa mashambani mbali, na kuni zilikuwa zimekwisha kumshinda kuzibeba.

Bibi alikuwa na desturi ya kutia kata moja ya maji ya ziada chunguni tangu mwanzo. Siku moja nilimwuliza kwa nini, kwa kuwa mchuzi ulikuwa mwingi tayari. Akaniambia kwamba kata ile si yetu. Baadaye madrasa tulisomeshwa hadithi ya Abu Dharr (R.A.), iliyopokewa na Muslim, ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) alimwusia anapopika mchuzi azidishe maji yake, kisha awaangalie jirani zake. Nilimkimbilia Bibi kumweleza kama kwamba nimegundua jambo jipya. Alitabasamu tu.

Tazama hekima ya wasia huo, mpenzi msomaji. Sahaba huyu hakuambiwa anunue nyama zaidi. Aliambiwa azidishe maji, kitu ambacho hata maskini anacho. Na katika hadithi nyingine, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, wanawake wa Kiislamu wamekatazwa kuidharau zawadi ya jirani kwa jirani, hata ikiwa ni kwato ya kondoo. Kinachotazamwa ni kwamba mlango uligongwa.

Bakuli hilo nalo halikurudi tupu. Lilirudi na mapeasi mawili, au fungu la mchicha, au yai moja likiwa limefungwa katika jani la mgomba. Ndiyo adabu ya watu wetu, Pwani hali kadhalika Bara.

Kisha likaja jambo la mpaka. Kati ya shamba la Babu na la Bibi wa Bondeni palikuwa na mstari wa masale, na mwaka mmoja wa mvua nyingi ardhi iliporomoka, masale yakaondoka nayo. Yalipopandwa upya, kila upande ulisema mwenzake amesogea. Ukubwa wake haukuzidi migomba mitatu. Maneno yakatoka, na maneno yakishatoka hayarudi. Bakuli letu lilikuwa kwake siku hiyo. Halikurejeshwa, na Bibi hakuliulizia. Misimu miwili ya baridi ilipita hivyo. Katika misimu yote miwili Bibi aliendelea kutia kata ile ya ziada, kwa mazoea au kwa jambo jingine, na kila usiku makande yalibaki chunguni, hakuna aliyesema kitu.

Moto usiolaliwa nao

Ni katika moja ya misimu hiyo lilipotupata jambo ambalo nikilikumbuka hadi leo hunisisimua mwili. Baridi ilikuwa kali mno, na sisi wajukuu watatu tulilala chumba kimoja chenye dirisha dogo la ubao. Usiku, wakubwa walipokwisha lala, tuliliingiza ndani jiko la mkaa lililokuwa bado na moto, tukafunga mlango na dirisha, tukaziba na mwanya wa chini kwa kitambaa. Hakukuwa na moshi. Makaa yalikuwa mekundu na masafi. Tulijiona werevu.

Babu aliamka kuswali tahajudi, akasikia mmoja wetu anatapika. Alipofungua mlango alitukuta tumelegea, vichwa vinatuuma, mdogo wetu haamshiki. Alitubeba mmoja mmoja hadi barazani, kwenye baridi ile ile tuliyoikimbia, akatukalisha mpaka tukapata fahamu. Alhamdulillah, sote tulipona.

Leo tunajua kilichotupata. Mkaa unapoungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, nayo hutoka hata makaa yakiwa hayana moshi wowote. Ikiingia mwilini huishika damu mahali pa oksijeni, na mtu huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hushikwa na usingizi ambao huenda asiamke. Kila msimu wa baridi, katika nyanda zetu za juu, kuanzia Lushoto hadi Njombe na Makete, ambako sakitu huweza kutanda juu ya majani alfajiri, watu hushawishika kufanya tulilolifanya sisi. Nakuomba uliyeshika gazeti hili uwasomee watoto wako aya hii: jiko la mkaa halilali chumbani, hata kwa dakika chache, hata likionekana limekwisha. Ukimkuta mtu katika hali ile, mtoe nje penye hewa kwanza, kisha umwahishe hospitali.

Asubuhi yake Babu hakutupiga. Alitukalisha akatukumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuacha moto ukiwaka majumbani wakati wa kulala, na kwamba nyumba moja ya Madina iliwahi kuungua usiku na watu wake wakiwamo, naye Mtume akawaambia watu kuwa moto huo ni adui yao, wauzime wanapolala. Bukhari na Muslim wameyapokea hayo. Kisha akasema jambo lake mwenyewe: kwamba moto umeumbwa tukae kuuzunguka tukiwa macho, na anayetaka joto la kulala nalo, ajisogeze kwa ndugu yake. Tangu siku hiyo tulilala watatu chini ya blanketi mbili.

Uji wa siku ya nne

Babu alifariki Julai ya mwaka 1987, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alizikwa kwenye ukungu mzito kiasi kwamba waliokuwa nyuma ya jeneza hawakuwaona waliokuwa mbele.

Siku tatu za tanga nyumba ilijaa. Majirani walipika na kuleta, kama Sunna inavyoelekeza, maana Jaafar bin Abi Talib (R.A.) alipouawa shahidi katika vita vya Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliagiza watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Chakula kilikuwa kingi. Bibi hakukigusa. Alikuwa akipokea salamu, akiitikia dua, akisukuma sahani mbele ya wageni.

Siku ya nne watu walitawanyika. Ndivyo ilivyo, kila mtu ana shamba lake na watoto wake. Nyumba ilinyamaza. Bibi alikuwa ameanza eda yake, miezi minne na siku kumi, na baridi ilikuwa katikati. Aliketi jikoni mbele ya mafiga yasiyo na moto. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona yamepoa.

Kabla ya adhuhuri tulisikia hodi. Alikuwa Bibi wa Bondeni, anapumua kwa shida kwa sababu ya kilima, mkono mmoja ameshika fimbo, na mkono mwingine amekumbatia kifuani bakuli la bati jeupe lenye maua ya samawati. Ndani yake mlikuwa na uji wa moto. Alikuwa amekuja mazikoni kama kila mtu, akaketi nyuma, akaondoka. Sasa alikuja peke yake.

Hakusema neno kuhusu masale, wala Bibi hakusema. Alimpa pole, akaketi chini karibu naye, akaliweka bakuli baina yao. Bibi alilitazama bakuli kwa muda mrefu. Kisha akalichukua kwa mikono miwili, kama alivyotufundisha sisi, akanywa. Aliunywa wote. Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na Bibi wa Bondeni akawasha moto.

Miaka mingi baadaye nilikutana na hadithi ya Bi Aisha (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, nikasimama kuisoma kwa machozi. Inaeleza kwamba anapofariki mtu katika jamaa zake, wanawake walikusanyika, kisha wakatawanyika isipokuwa watu wa nyumba na walio karibu naye sana. Hapo ndipo alipoamuru ipikwe talbina, yaani uji laini wa unga wa shayiri, ikamiminwa juu ya tharidi, akawahimiza wale, kwani alimsikia Mtume (S.A.W.) akieleza kuwa talbina huupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni.

Angalia wakati wenyewe: ni baada ya watu kutawanyika. Siku tatu za mwanzo mfiwa amezungukwa. Siku ya nne ndiyo ya uji.

Tulipata baadaye kujua kwamba Bibi wa Bondeni alikuwa ametaka kulirudisha bakuli lile muda mrefu, lakini aliona haya kulirudisha tupu na aliona haya zaidi kulirudisha lina kitu. Hadithi tunaijua sote, ya kwamba si halali kwa Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Wao walihamana misimu miwili kwa ajili ya migomba mitatu. Babu aliondoka duniani kabla ya kusuluhishwa, na Bibi alilitaja hilo mara nyingi katika uzee wake, tena kwa uchungu. Masale hayakusogezwa tena. Kuanzia mwezi huo, kila aliyepika kati yao alipika kwa nyumba mbili.

Bakuli la mjini

Sasa naishi Dar es Salaam. Chakula changu huiva kwa gesi, na kila mtu nyumbani hula kwa saa yake, mwenye simu na simu yake, mwenye runinga na runinga yake. Kipupwe cha huku ni chepesi. Hakimlazimishi mtu kukaa karibu na mwenzake.

Mwaka jana mke wa jirani yetu alifariki. Ni mzee wa makamo ya baba yangu, ukuta wake na wetu ni mmoja. Tulikwenda tanga, tukachangia, tukapika, tukasoma khitma. Siku ya nne nami nilirudi kwenye shughuli zangu, nikajiona nimetimiza. Ilikuwa kama mwezi mmoja baadaye, Julai, ambapo mwanangu wa kiume alirudi kutoka msikitini akaniambia, bila kukusudia lolote, kwamba mzee amekonda sana, na kwamba kila akipita humwona barazani na kikombe cha chai ya rangi na kipande cha mkate, asubuhi na jioni.

Sikulala vizuri usiku huo. Mimi niliyelelewa na kata ya ziada, nilikuwa nimeishi mwezi mzima ukuta kwa ukuta na mtu asiye na wa kumpikia, na harufu ya vitunguu vyangu ilikuwa ikimfikia kila jioni.

Siku ya pili niliroweka mahindi. Nilipika makande kwa namna ya Bibi, nikamtuma mwanangu na bakuli. Alikaa huko muda mrefu kuliko nilivyotazamia, kwa kuwa mzee alimwomba akae amalize kula. Bakuli lilirudi na ndimu tatu za mti wake. Tangu hapo hatukuacha. Siku nyingine mzee huja kula kwetu, na akija, simu huwekwa kando bila mtu kuamrisha.

Makande ya nyumbani

Kwa watakaopenda kupika wiki hii, hivi ndivyo tunavyofanya kwa watu sita.

Chukua vikombe 2 vya mahindi makavu yaliyokobolewa na kikombe 1 cha maharage. Vichambue, vioshe, viroweke usiku kucha katika vyombo viwili. Asubuhi mwaga maji ya kuroweka. Teleka mahindi kwa maji mengi, yachemke kwa moto wa wastani kama saa moja, kisha tia maharage na uendelee kwa saa moja na nusu hadi mbili, ukiongeza maji ya moto yanapopungua. Mwenye sufuria la presha atapunguza muda huo kwa zaidi ya nusu. Usitie chumvi mpaka viive.

Kando yake kaanga vitunguu maji 2 katika vijiko 3 vya mafuta hadi vigeuke rangi ya dhahabu, tia karoti 2 zilizokatwa vipande vidogo na nyanya 2, ziache zilainike. Mimina mchanganyiko huo kwenye makande, tia chumvi, kisha vikombe 2 vya tui zito la nazi au maziwa. Punguza moto, koroga taratibu kwa dakika 10 hadi 15 ili tui lisikatike. Yasiwe makavu, ya baridi hupendeza yakiwa na mchuzi. Yapakue yakiwa ya moto, pamoja na chai ya tangawizi.

Na kabla hujapakua ya nyumbani, toa kwanza bakuli moja, ulifunike. Ikiwa humjui wa kumpelekea, mwulize mwanao. Watoto hupita barazani kwa watu na huona mengi. Ikiwa unamjua lakini mna la mpaka baina yenu, basi huyo ndiye mwenyewe, na usingoje msiba ukutangulie.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia, azilainishe nyoyo zetu kwa jirani zetu, na ajaalie vyungu vyetu viwe na baraka. Amin.